Matendo ya Huruma: Mfuko wa Wagonjwa na Mtu Asiye na Nyumba

Ndugu wakatekumeni, miongoni mwa matendo ya huruma mliyofundishwa yamo haya mawili: kuwatazama wagonjwa na kuwakaribisha wasio na makao. Leo twauliza: Je, ni halali fedha zilizochangwa kwa matibabu zimpatie mgonjwa pahali pa kulala?

1. Fedha hizo ni nini?

Bima ya afya ni akiba ya wengi. Kila mtu hutoa kidogo akiwa mzima, ili atibiwe siku atakapougua. Katika nchi yetu, sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka kanuni za vyama vya kusaidiana vya namna hiyo. Fedha hizo si mali ya mweka hazina, wala si sadaka: ni amana. Mama aliyeuza muhogo ili alipe mchango wake anatumaini kwamba mwanawe akishikwa na homa, dawa itapatikana.

2. Paa na ugonjwa

Lakini ukosefu wa nyumba nao huleta ugonjwa. Miaka ya 1992 na 1993 maelfu ya Wakasai walifukuzwa katika makao yao katika jimbo lililoitwa Shaba wakati ule. Walilala katika stesheni za Likasi na Kolwezi, wakingoja treni za kuwapeleka Kasai kwa kupita Kamina. Wengi walikufa kwa magonjwa kabla ya kusafiri.

Dawa ya kifua yamfaa nini mtu alalaye nje katika baridi ya mwezi wa Juni? Tena mgonjwa wa kifua kikuu hupaswa kumeza dawa kwa muda wa miezi sita au zaidi. Asiye na makao ataziweka wapi? Na mwuguzi atamwona wapi?

3. Mfano wa ng'ambo

Huko Marekani iko bima ya serikali kwa maskini, iitwayo Medicaid, iliyoanzishwa mwaka 1965. Kwa kawaida haikulipa kodi ya nyumba. Mwaka 2022 majimbo ya Oregon na Arizona yaliruhusiwa kuwalipia kodi watu fulani wenye shida hiyo, kwa muda usiozidi miezi sita. Waliosifu jambo hilo walisema: mgonjwa asiye na nyumba hurudi hospitali mara kwa mara, na kitanda cha hospitali ni ghali kuliko chumba. Waliopinga walisema: fedha za dawa ziwe za dawa, na nyumba ziwe kazi ya idara nyingine. Mwaka 2025 serikali mpya iliufuta mwongozo uliokuwa ukiyahimiza majimbo kufanya hivyo.

4. Tujibu nini?

Mkumbukeni Msamaria. Alimtia yule majeruhi mafuta na divai. Kisha akampeleka katika nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili. Hakusema, "Jeraha nimelifunga, malazi ni shauri la mwingine." Basi malazi yaweza kuwa sehemu ya matibabu.

Lakini angalieni: Msamaria alilipa kwa mfuko wake mwenyewe. Atoaye katika mfuko wa wengine hana budi kushika masharti matatu. Kwanza, wenye mfuko wamekubali waziwazi. Pili, mganga ameshuhudia kwamba pasipo makao mgonjwa huyo hatapona. Tatu, msaada uwe wa muda, wala mgonjwa mwingine asinyimwe dawa kwa ajili yake.

Na pale ambapo mfuko hautoshi hata kwa dawa, usiguswe. Je, ndipo mgonjwa alale nje? Hasha! Matofali ya udongo na nyasi za kuezekea tunazo, na mikono tunayo. Kibanda ambacho mfuko hauwezi kukilipa, kijiji chaweza kukijenga. Tena nyumba ya kudumu ni wajibu wa serikali, wa jamaa, na wetu sote, si wa mfuko wa wagonjwa peke yake.

Maswali ya kujibu mbele ya katekista

1. Kwa nini mfuko wa wagonjwa huitwa amana?
2. Msamaria alilipa nini zaidi ya dawa?
3. Taja masharti matatu ya kulipia malazi ya mgonjwa.
4. Ni nani kijijini mwako alalaye pabaya hali ni mgonjwa? Mtamsaidia namna gani juma hili?