Ahadi ya Ujenzi na Mshahara wa Dada

Leo kona yote nampa mmoja wenu aliyeniandikia kutoka Mbeya, ingawa najua wengi mtajiona humo. Ana mume, watoto na duka la nafaka. Anaimba kwaya, mikesha haimpiti, fungu la kumi anatoa. Anauliza mbona pamoja na hayo yote wokovu wake unaishia kwenye geti la kanisa, akifika nyumbani anakuwa mtu mwingine kabisa. Halafu katikati ya barua, kama jambo la kupita tu, anataja kwamba dada wa kazi anamdai mishahara miwili, kwa sababu hela ilikwenda kwenye ahadi ya ujenzi wa kanisa.

Mdogo wangu, jibu umeliandika mwenyewe, hapo hapo kwa dada.

Kuna maneno ambayo siku za harambee huwa hayasomwi. Katika Marko 7, kuanzia mstari wa 9, Yesu anawakemea watu waliokuwa wanawanyima wazazi wao matunzo kwa kisingizio kwamba mali ile wameshamwahidi Mungu. Hakuwapongeza kwa kulipenda hekalu. Kuhusu ujira ndiyo kabisa, Biblia haina kigugumizi. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inaagiza kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, maana ndiyo hela anayoitegemea. Yakobo 5:4 inawaambia matajiri kwamba ujira waliouzuia unapiga kelele, na Mungu anasikia. Kwa hiyo Jumapili, wewe ukiwa kwenye sauti ya kwanza, kuna sauti nyingine inapanda kutoka jikoni kwako.

Na kwa kuwa tuko jikoni, tusitoke haraka. Amri ya kupumzika siku ya Bwana, ukiisoma vizuri kwenye Kutoka 20:10, inamtaja mtumishi wa kike kwa wazi. Hata mnyama ametajwa! Sasa sisi tunatoka asubuhi tumependeza, tunamwachia dada nguo za kufua na nyama ya kuchemsha, tukirudi saa nane tunauliza chakula kiko wapi. Hiyo ni sabato ya nani? Mpe siku yake. Kama anasali, aende anakosali, hata kama si dhehebu lenu. Kama ni Mwislamu, muulize siku gani inamfaa, na usimhubirie huku mshahara wake uko mkononi mwako.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walijua vizuri kwamba wokovu huonekana nyumbani na kazini. Mnakumbuka habari za Gahini, Rwanda, miaka ya 1930? Moto wa uamsho ulishika hospitalini, mahali pa kazi, pa vidonda na zamu za usiku. Yosiya Kinuka alikuwa msaidizi wa karibu wa daktari Mwingereza, Joe Church, na wafanyakazi pale walikuwa na manung'uniko yao. Kinuka akaenda Kampala kwa Simeoni Nsibambi, mmoja wa walioanzisha uamsho ule, akiwa na malalamiko mengi kuhusu hospitali, na Nsibambi akamwelekeza autazame moyo wake mwenyewe kwanza. Alirudi Gahini akakiri makosa yake mbele ya wenzake, akaanza kufanya kazi kwa namna nyingine. Uamsho ukasambaa Uganda, ukaingia Tanganyika upande wa Bukoba, ukafika Kenya. Wimbo wao wa Tukutendereza ulijulikana kila mahali, lakini majirani walishangazwa zaidi na watu waliokuja mlangoni kurudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni ya zamani.

Ila hapa nisikutwishe mzigo ukadhani unatakiwa kuununua wokovu kwa kulipa madeni. Mwangalie Zakayo, Luka 19. Yesu aliingia nyumbani kwake kwanza, wakati mtoza ushuru yule bado ana hela za watu. Baada ya hapo Zakayo akasimama mwenyewe, bila kudaiwa, akatoa nusu ya mali kwa maskini na kuahidi kurudisha mara nne. Wewe umemkaribisha Yesu kwenye mkesha na kwenye kwaya. Mkaribishe na kwenye daftari la madeni, maana inaonekana huko bado hajafika.

Dukani sisemi mengi, wewe unajua kuliko mimi. Kopo lililobonyezwa chini, mchele wa kawaida unaochanganywa na kuuzwa kama wa Kyela, kumjibu mteja "Bwana akubariki" hakubadilishi kipimo. Na wewe unayefungua Biblia kazini wakati watu wako foleni dirishani, ifunge kwanza, uwahudumie. Wakolosai 3:23, kufanya kazi kama kwa Bwana, inakuhusu.

  

Sasa turudi kwako. Zungumza na mume wako, asije akasikia hesabu hizi kwa watu. Nenda kwa mzee wa kanisa umwambie ahadi utaimalizia baadaye. Hilo halina aibu, na mzee mwenye busara atakuelewa. Akikung'ang'ania, msomee Marko 7. Kisha mlipe dada mishahara yote miwili kwa mkupuo, mkononi mwake au kwenye simu yake mwenyewe, bila kukata gharama ya sabuni wala kikombe alichovunja. Na umwambie samahani. Najua hapo ndipo pagumu, kumwomba msamaha binti uliyezoea kumtuma, lakini usiparuke.

Jengo linaweza kusubiri bati mwezi mmoja zaidi. Binti mwenye mama anayesubiri hela ya mbolea kijijini hawezi. Mlipe wiki hii, halafu uniandikie tena.