Kuchoma Diski ya Mfumo Endeshi Huria: Somo kwa Anayeanza

Watu wa Arusha, kama Watanzania wengine, husema “kuchoma CD”. Huenda msomaji amewahi kudhani kwamba neno hilo ni la mitaani tu. Kumbe ni neno la kisayansi kabisa: ndani ya kompyuta kuna mwale wa leza ambao huunguza diski kwelikweli. Makala hii inaeleza namna diski ya kusimikia mfumo endeshi huria inavyochomwa, na kwa nini anayeanza hukosea mahali pale pale kila mara.

Mfumo endeshi ni programu inayotawala kompyuta nzima: hugawa kumbukumbu, husoma kibodi, huendesha kiwambo, na kuzipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Mfumo ukiitwa huria, maana yake ni kwamba maandishi yake ya asili yako wazi. Yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha, kuyanakili na kumpa jirani bila kuvunja sheria. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU wenye shabaha hiyo, na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini kiitwacho Linux. Oktoba 2004 ukatolewa mfumo wa Ubuntu, ambao jina lake ni ndugu wa neno letu “utu”. Mwaka huo huo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili.

Lakini programu kuwa ya bure ni jambo moja, na kuifikisha shuleni ni jambo jingine. Kabla ya mkondo wa SEACOM kufika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, Julai 2009, intaneti yetu kwa sehemu kubwa ilitegemea satelaiti. Hebu tufanye hesabu. CD ya dakika 80 huchukua baiti 737,280,000, yaani biti 5,898,240,000. Kwa njia ya biti 64,000 kwa sekunde, kazi ya kuzivuta ni sekunde 92,160, sawa na saa 25 na dakika 36, iwapo umeme hautakatika hata mara moja. Basi la kutoka Dar es Salaam lilifika Arusha kabla ya nusu ya muda huo, na katika mkoba mmoja wa abiria ziliweza kukaa diski hamsini. Kwa kulijua hilo, kampuni ya Canonical ilituma CD za Ubuntu kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba, hadi ilipositisha huduma hiyo mwaka 2011.

Sasa tutazame diski yenyewe. CD ya kuchoma ni bamba la plastiki lenye unene wa milimita 1.2. Juu ya plastiki hiyo pamepakwa utando mwembamba wa rangi, na juu ya rangi utando wa madini unaoakisi mwanga. Katika kuchoma, leza yenye nguvu hupasha joto nukta za rangi hiyo, nazo hupoteza uwezo wa kuupitisha mwanga vizuri. Katika kusoma, leza ile ile hupunguzwa nguvu, ikapita juu ya nukta hizo bila kuziunguza. Mwanga unaorudi, mkali au hafifu, ndio unaotafsiriwa kuwa biti. Njia ya nukta huanzia karibu na tundu la katikati na kuzunguka kuelekea ukingoni, mzunguko mmoja ukiwa umbali wa mikromita 1.5 hivi kutoka kwa mwenzake. Kwa kuwa diski hupita mbele ya leza kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde katika kasi ya kawaida, kwa dakika 80 njia hiyo ina urefu wa mita 5,760. Ukiinyosha na kuisimamisha, itaupita Mlima Meru, wenye mita 4,566, kwa zaidi ya kilomita moja.

Hapa ndipo lilipo kosa la anayeanza. Mfumo huja kama faili moja kubwa liitwalo taswira, ambalo jina lake huishia na herufi “iso”. Faili hilo ni nakala ya diski nzima, kipande kwa kipande, pamoja na sehemu ya mwanzo inayoiambia kompyuta ianzie wapi. Ukilinakili kama unavyonakili barua au picha, utapata CD yenye faili moja ndani, na kompyuta haitawaka kwayo. Ni kama kuweka ramani ya nyumba juu ya kiwanja na kungoja kuingia ndani. Katika programu ya kuchomea ni lazima uchague amri ya kuchoma taswira. Ukimaliza, ifungue CD: ukiona mafaili na makabrasha mengi, umefaulu, ukiona faili moja lenye “iso”, umeharibu diski.

Usichome kwa kasi ya juu kabisa. Diski za bei nafuu huchomeka vema zaidi kwa kasi ya kati, kwa mfano mara 8, ambayo humaliza CD iliyojaa kwa dakika 10. Umeme ukikatika katikati, CD isiyofutika huwa imekwisha, hivyo kompyuta ya mkononi yenye betri nzima ni bora kuliko ya mezani. Vumbi letu nalo, lile jepesi la udongo wa majivu ya volkano, hutua juu ya lenzi. Shika diski kwa kingo na uifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha.

Watoaji wa mfumo huchapisha pia namba ya uhakiki ya taswira yao. Kwa njia iitwayo SHA-256 namba hiyo ina tarakimu 64, zikichanganya namba na herufi. Kompyuta yako huikokotoa upya kutokana na faili ulilolipata. Zikitofautiana hata tarakimu moja, faili si lile, nawe usilichome.

Mwandishi wa makala hii ana sababu ya kusisitiza linalofuata. Mwaka 2008, katika shule moja kwenye miteremko ya Meru, alichoma diski njema, akaihakiki, kisha kwa haraka akachagua “tumia diski ngumu yote” kwenye kompyuta iliyokuwa na alama za mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Nakala nyingine haikuwapo. Walimu walisahihisha upya kwa siku nne, na hawakuwa wakimya walipokuwa wakifanya hivyo. Ajabu ni kwamba diski ile ingeweza kuuendesha mfumo kutoka katika CD yenyewe, bila kugusa diski ngumu. Chaguo la “jaribu” lilikuwa la kwanza katika orodha.

Siku hizi taswira za Ubuntu zimezidi hata ujazo wa DVD ya kawaida, nazo huandikwa kwenye flashi. Leza haipo tena, lakini flashi nayo huandikwa kwa amri ya taswira, si kwa kunakili, na yaliyokuwamo hufutika yote.

Zoezi kwa darasa. Taswira ina baiti 614,400,000, na kasi ya kwanza ya CD ni baiti 153,600 kwa sekunde. Itachomwa kwa muda gani kwa kasi mara 8? (Jibu: dakika 8 na sekunde 20.) Kisha andika sentensi moja katika faili, tafuta namba yake ya uhakiki, badili herufi moja tu, uitafute tena. Hesabu ni tarakimu ngapi kati ya 64 zilizobaki mahali pake.