Taa ya Samaki na Taa ya Mvuvi

Usiku usio na mwezi, ukisimama ufukweni Goma, utaona taa za wavuvi wa sambaza zimetawanyika juu ya Ziwa Kivu. Mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, wavu uko chini, taa juu. Sambaza, samaki aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hufuata vijidudu vinavyopanda usiku, na mwanga humkusanya. Mwezi ukiwa mpevu, taa haivutii tena, na wavu hutoka mwepesi.

Taa hiyo ni ya samaki. Yako iko wapi?

Wapiga mbizi wanaozama usiku huko Zanzibar hawaingii majini na tochi moja. Kubwa hufungwa kwa kamba mkononi. Ndogo hukaa kifuani, ikingoja siku ile kubwa itakapozimika. Mvuvi wa Kivu, na hata abiria wa mtumbwi, aige hilo.

Sokoni, usiamini picha ya matone ya maji kwenye boksi. Tafuta alama. IPX4 huhimili marasharasha tu. IPX7 huhimili kuzama mita 1 kwa dakika 30, na IPX8 hupita hapo, kwa kina alichotaja mtengenezaji. Kama hakuna alama, omba ndoo ya maji, washa tochi, itumbukize. Muuzaji akikataa, umeshajibiwa. Ndoo hiyohiyo itakuonyesha kama tochi inaelea, maana Kivu ina kina kinachofika karibu mita 480 na kilichozama humo hakirudi. Isiyoelea ifungie kipande cha boya.

Maji huingilia kwenye kifuniko. Pale pana mpira mwembamba wa duara; punje moja ya mchanga wetu mweusi wa volkano ikikaa juu yake, tochi imekwisha. Ufute kila unapobadilisha betri.

Mwanga mkali mno pia ni hasara. Humaliza betri mapema na kuwapofusha wenzako, na macho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza upya. Elekeza tochi chini, isipokuwa unaposikia mashine ya boti ikija. Hapo onyesha mwanga wako mapema. Kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia vyombo kugongana baharini zinamtaka hata mpiga kasia awe na taa nyeupe tayari mkononi.

Betri kubwa ya asidi, ile ya taa ya samaki, isimame wima ndani ya sanduku, ifungwe katikati ya mtumbwi, na waya wake uwe na fyuzi. Anayetumia bado karabai asiijaze mafuta ikiwa ya moto.

Na kuna jambo la kwetu: mazuku, hewa ya ukaa inayotoka ardhini. Hewa hiyo nzito hulala mabondeni, hasa magharibi ya mji, alfajiri upepo ukiwa umetulia, saa ileile mvuvi anayorudi. Tochi huwaka humo kama kawaida, haikuonyi. Kibatari huzima, lakini kiasi kinachokizima kinaweza kukuangusha nawe. Pita juu, kwenye njia iliyozoeleka.

Mwisho, ishara ya kuomba msaada: mimuliko mitatu mifupi, mitatu mirefu, mitatu mifupi. Wafundishe wa nyumbani kabla hujashuka ufukweni. Aliye majini hawezi kuieleza.