Kofia Ngumu: Kwa Nini Huvaliwa Leo, Kesho Ikalala Juu ya Tangi

Asubuhi ya mwezi Julai upepo wa Singida hupenya mpaka kwenye mifupa. Kwenye vijiwe vya bodaboda vya mjini, madereva huwa wamevaa majaketi mawili, la juu limegeuzwa nyuma mbele ili baridi isipite kwenye zipu. Mikononi wana glovu za sufu, na kofia ngumu imefungwa barabara chini ya kidevu. Ikifika saa saba mchana, jua limekwishawaka, na vyote hivyo vimevuliwa. Jaketi limefungwa kwenye keria, kofia inaning'inia kwenye kioo cha pembeni. Malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanaendelea kupita vilevile katika barabara ya Dodoma na Nzega, na lami ni ngumu ileile.

Vifaa vya kinga hupanda na kushuka hivyo kwa siku, kwa msimu, hata kwa umri wa dereva. Maswali yafuatayo ni yale yanayorudi kila mara panapozungumzwa bodaboda, iwe Manyoni, Ikungi, Kiomboi au Singida mjini. Majibu yametokana na sheria za nchi na utafiti wa usalama barabarani.

Swali: Mtu akishaizoea pikipiki, mbona ndipo anapoacha kuvaa kofia?

Kwa sababu kila safari salama humfundisha somo lisilo sahihi. Dereva wa bodaboda hufanya safari nyingi kwa siku moja, karibu zote bila hata mkwaruzo. Baada ya miezi sita ana ushahidi mkubwa kichwani mwake kwamba haanguki. Ushahidi huo ni wa kweli, ila haumwambii lolote kuhusu safari ile moja ambayo gari dogo litakata kona mbele yake bila taa ya ishara, au mbuzi atakatiza barabara jioni akirudi zizini.

Lipo pia suala la alikojifunzia. Vijana wengi wa vijijini mkoani humu hujifunza kwa pikipiki ya kaka au ya mjomba, kwenye uwanja wa shule au njia ya vumbi ya kwenda shambani, kichwa wazi na ndala miguuni. Akija mjini kutafuta riziki, mikono yake tayari inajua klachi na breki, lakini kichwa hakijawahi kuizoea kofia. Anaisikia nzito, inamziba masikio, inampa jasho. Anayeanzishwa na kofia tangu siku ya kwanza hukosa raha anapoendesha bila hiyo, na huyo ndiye ambaye kofia yake haishuki mchana. Ndiyo maana mafunzo ya leseni daraja A yana uzito kuliko mabango: humkuta dereva kabla mazoea mabaya hayajaota mizizi.

Swali: Je, ajali ya mwenzao haiwabadilishi?

Huwabadilisha, kwa muda. Mwenzao akivunjika mguu au akizikwa, kijiwe kizima huvaa kofia kwa wiki kadhaa. Wanachangishana, wanakwenda hospitali, wanakwenda msibani, wanasemezana. Kisha hofu inapungua polepole, kwa sababu hakuna binadamu awezaye kufanya kazi kila siku huku akiogopa. Atakayetegemea hofu peke yake kubadili tabia ya madereva atarudia kazi ileile kila baada ya msiba.

Mabadiliko yanayodumu hutokana na mambo mengine. La kwanza ni umiliki. Kijana anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, au anayelipia pikipiki ya mkataba, hutafuta kwanza hela ya hesabu, na kofia nzuri huonekana gharama ya ziada. Akimaliza mkataba pikipiki ikawa yake, huanza kufikiri kwa miaka badala ya siku. La pili ni familia: mwenye mke na watoto wanaomsubiri hujua kwamba akilazwa miezi miwili, nyumbani hakuna kitakachoingia. La tatu, ambalo huzungumzwa kidogo kuliko yote, ni kijiwe chenyewe. Kijana hufanya kinachofanywa na wenzake. Kijiwe ambacho wazee wake wote huvaa kofia na kufunga mkanda, mgeni atavaa bila kuhubiriwa. Kijiwe ambacho anayevaa huitwa mwoga, hata aliyefundishwa vizuri ataivua.

Viongozi wa vijiwe wanaweza kulifanyia kazi hilo kesho asubuhi bila kusubiri mradi wala mfadhili. Vijiwe vingi vina mwenyekiti, katibu, daftari la zamu na mfuko wa kusaidiana. Kanuni ya "bila kofia mbili hakuna zamu", yaani ya dereva na ya abiria, hugharimu karatasi moja tu na msimamo wa viongozi.

Swali: Sheria inasema nini, na faini zinasaidia?

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya mwaka 1973. Kwa bahati, mwaka huohuo Uingereza ndipo ilipoilazimisha kofia kwa kila mpanda pikipiki, miaka 38 baada ya daktari wa upasuaji wa ubongo Hugh Cairns kumuuguza T. E. Lawrence, ofisa wa zamani wa jeshi la Uingereza, aliyeanguka na pikipiki Mei 1935 na kufariki siku sita baadaye. Cairns aliyatumia yale aliyoyaona kuchunguza vifo vya askari wapeleka barua wa pikipiki, akaandika matokeo yake mwaka 1941. Jeshi lilikubali mapema. Raia walichukua miongo mitatu.

Huku kwetu, pikipiki ziliporuhusiwa kubeba abiria kwa biashara, zilitoka kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za mwaka 2010, zinazotaka dereva na abiria wake wote wavae kofia. Faini ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa. Katika bajeti ya Juni 2021, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi mkoani hapa, alitangaza kuishusha hadi 10,000 kwa bodaboda na bajaji. Hoja ilikuwa na haki ndani yake: haikuwa sawa mwenye pikipiki alipe kiasi kilekile anacholipa mwenye lori.

Lakini ukubwa wa faini si kiini cha jambo. Dereva anayejua kwamba trafiki husimama mahali pamoja tu huvaa kofia mita mia mbili kabla ya hapo na kuivua akishapita. Amejifunza kukwepa faini, na kichwa chake bado hakina kinga katika kilomita zote zilizobaki. Ukaguzi unaobadili tabia ni ule ambao dereva hawezi kuutabiri, unaofanyika mwaka mzima, ndani ya mitaa na barabara za wilayani, hata baada ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani kumalizika.

Vietnam imeonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kwenda haraka. Tarehe 15 Desemba 2007 nchi hiyo iliamuru kofia kwa wapanda pikipiki wote, katika barabara zote, na polisi wakasimamia kweli. Ndani ya majuma machache zaidi ya watu tisa kati ya kumi walikuwa wameivaa, watu walewale ambao mwezi uliotangulia walisema inawaharibia nywele. Florida, nchini Marekani, ilipita njia ya kinyume. Julai 2000 iliwaruhusu watu wazima wenye bima kuendesha bila kofia. Mwaka 1998 karibu kila mpanda pikipiki aliivaa. Kufikia 2002 ilikuwa takriban nusu yao, na vifo vikaongezeka. Mazoea ya miaka mingi yaliporomoka ndani ya miaka miwili. Kwa hiyo mkoa hauwezi kusema "elimu imeshatolewa" ukakaa kimya.

Swali: Anayeendesha taratibu mjini, kutoka sokoni hadi nyumbani, ana haja gani ya kofia?

Kichwa cha mtu aliyekaa juu ya pikipiki kiko takriban mita moja na nusu kutoka ardhini. Kikianguka kutoka kimo hicho peke yake, hata pikipiki ikiwa imesimama kwenye taa, hugonga lami kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Mwendo huo unatosha kupasua fuvu. Ongeza mwendo wa pikipiki, ongeza ukingo wa zege au jiwe lililo pembeni ya barabara, na hakuna tena ajali ndogo.

Tafiti 61 zilizokusanywa na kupitiwa upya na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 zilionyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa aliyepata ajali kwa asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Ni vifaa vichache vinavyouzwa dukani vyenye faida kubwa namna hiyo kwa bei hiyo.

Swali: Kofia zimejaa madukani. Mtu atajuaje iliyo nzuri?

Aigeuze aangalie ndani. Chini ya kitambaa cha kufuta jasho lazima kuwe na tabaka nene la povu gumu, mara nyingi jeupe, kama lile la kufungashia televisheni mpya. Povu hilo ndilo linalofanya kazi. Kichwa kinapogonga, linabonyea na kumeza nguvu ya kishindo, halafu halirudi lilivyokuwa. Kofia yenye ganda linalong'aa na sponji laini peke yake ni urembo. Kofia iliyokwisha kugonga lami mara moja nayo imemaliza kazi yake, hata kama ganda halina ufa, na haifai kuuziwa mwingine.

Kisha aangalie mkanda. Uwe umeshikwa na ribiti za chuma, ufungike, na ukivutwa kwa nguvu usichomoke. Hapa ndipo madereva wengi wanapokosea: kofia imevaliwa, mkanda unapepea. Katika kuanguka, mwili huzunguka na kofia isiyofungwa hutangulia kuruka kabla kichwa hakijagusa chini. Jaribio ni rahisi. Mtu aivae, aifunge, kisha ajaribu kuisukuma kutoka nyuma kuelekea mbele. Ikitoka, hiyo si saizi yake.

Alama nayo ni muhimu. Pamoja na alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, kofia zilizopimwa kwa kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa huwa na duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyozithibitisha. Katika kipimo hicho kofia hugongeshwa kwenye chuma kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde. Anayepanda mara nyingi kwenye njia za vumbi za Sepuka au Ndago apendelee kofia inayofunika uso mzima, kwa sababu kioo chake humkinga na vumbi na mende wa jioni wanaoweza kumpofusha ghafla, na kidevu chake hakibaki wazi. Joto la mchana ni malalamiko ya haki. Zipo kofia zenye matundu ya hewa, na kivuli cha mwembe kijiweni ndicho mahali pa kuivulia.

Swali: Na jaketi, glovu na viatu?

Haviokoi uhai kama kofia, ila huokoa kazi. Anayeteleza hutanguliza viganja, na kiganja kilichochunwa na kokoto hakishiki klachi kwa wiki nyingi. Kiatu kinachofunika kifundo humkinga dhidi ya mguu kubanwa chini ya pikipiki na kuungua na ekzosi. Ndala hutoka mguuni kabla dereva hajafika chini. Koti la kuakisi mwanga ni la lazima jioni, wakati wa mavuno ya alizeti hasa, magari yaliyosheheni magunia yanapokuwa barabarani na vumbi limetanda. Wengi walianza kuvaa glovu na jaketi kwa sababu ya baridi ya Juni na Julai, na hilo halina ubaya. Msimu wa baridi ni wakati mzuri wa kumzoesha mtu kifaa ambacho atakihitaji pia mwezi Oktoba.

Swali: Abiria naye? Wengi wanakataa kofia ya dereva.

Abiria ndiye aliyesahaulika. Anaanguka kutoka kimo kilekile, mara nyingi bila kuona kinachokuja, na hana usukani wa kushika. Sababu zake za kukataa ni za kweli: kofia inanuka jasho la watu kumi, anaogopa fangasi na chawa, amesuka nywele jana, au amejifunga hijabu. Wakati wa UVIKO-19 hofu ya kuvaa kofia iliyotoka kichwani mwa mwingine iliongezeka, na desturi iliyokuwa changa ikarudi nyuma.

Kumfokea abiria hakusaidii. Dereva anayetaka abiria wake avae ahakikishe kofia ya pili ni safi: kitambaa cha ndani kifuliwe, kofia ianikwe juani, na awe na vikofia vyepesi vya nailoni, vile vya saluni, vya kuvaliwa ndani. Ampe kabla ya kupatana bei, amsaidie kufunga mkanda. Kigali abiria wa pikipiki hupokea kofia kama anavyopokea chenji, na wasichana wa huko nao wanasuka nywele. Abiria naye ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani, kwa kuwa ndiye mwenye hela: akimpita dereva asiye na kofia ya pili na kwenda kwa wa nyuma yake, kijiwe kizima kitakuwa kimeona.

Kuhusu watoto, kanuni hazimruhusu bodaboda kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa. Ukweli wa barabarani ni kwamba asubuhi watoto wa shule hupakiwa mshikaki, watatu hata wanne, hakuna aliyevaa chochote kichwani. Kofia ya mtu mzima humzunguka mtoto na kumziba macho, hivyo haimfai. Mzazi anayelipia pikipiki ya shule kwa mwezi anaweza kudai mambo mawili kabla hajatoa hela: mtoto mmoja kwa safari moja, na kofia ya saizi yake, ambayo mzazi mwenyewe ataijaribu kichwani mwa mtoto huyo kabla pikipiki haijawashwa.