Majibu Matatu kwa Swali Moja

Somo kwa wanaojifunza, na kwa wazazi wenye watoto shuleni

1. Mtihani wenyewe

Katika nchi ya Kongo, kijana anayemaliza masomo ya sekondari hupaswa kufanya Mtihani wa Serikali. Mtihani huo ulianzishwa mwaka 1967. Hufanyika kwa lugha ya Kifaransa, nao huchukua siku kadhaa. Mwenye kuushinda hupata diploma, na diploma ndiyo mlango wa chuo kikuu. Mwenye kushindwa hungoja mwaka mwingine, na wazazi wake hutafuta karo tena. Ndiyo maana katika nyumba nyingi mbuzi huuzwa kwa ajili ya siku hizo chache.

Kwa maswali mengi mwanafunzi haandiki maelezo marefu. Huchagua jibu moja kati ya majibu kadhaa yaliyokwisha kuchapwa. Tena karatasi za maswali hugawanywa kwa aina mbalimbali, ziitwazo serie, ili aliyeketi upande huu asiibe jibu la aliyeketi upande ule.

2. Chini ya mkaratusi

Fikirini wanafunzi watano wa sehemu ya kemia na biolojia, mjini Bukavu. Wametoka katika chumba cha mtihani, wameketi chini ya mkaratusi, na hakuna anayetaka kwenda nyumbani. Mtihani wa kemia ulikuwa mgumu. Kila mmoja ana hamu ya kusikia mwenzake akisema jibu lile lile alilolichagua yeye.

Mmoja alianza: «Ndugu zangu, namba saba mmeweka herufi gani?»

Mwingine akajibu: «Mimi nimeweka B.» Wa tatu akashika kichwa: «Ole wangu! Mimi nimeweka D.»

Wakabishana kitambo, mpaka mmoja akakumbuka kwamba karatasi zao hazikuwa za serie moja. Namba saba ya huyu haikuwa namba saba ya yule. Walikuwa wamegombana bure juu ya herufi.

Basi wakaacha herufi, wakataja maswali yenyewe. Lilikuwako swali moja ambalo wote watano walilipata. Liliuliza hivi: tindikali iitwayo HCl imechanganywa na maji mengi sana, hata imebaki moli 0,00000001 tu katika lita moja. pH yake ni ngapi?

Wavulana watatu walisema: «Ni 8.» Wa nne alisema: «Ni 6,96.» Wa tano, msichana aliyetoka kijijini na kulala kwa shangazi yake mjini, alisema kwa sauti ndogo: «Mimi nimepata 6,98.»

Wale watatu wakacheka. «Dada, sisi tu watatu, nawe u peke yako. Umepotea.»

Msichana hakujibu. Alichukua daftari lake, akaondoka.

3. Maana ya swali hilo

Vitu vyenye uchachu, kama maji ya ndimu, vina tindikali ndani yake. Viko vitu vingine vilivyo kinyume, kama maji yaliyochujwa katika majivu. Mwaka 1909 mtaalamu wa Denmark, jina lake Sørensen, alitunga kipimo cha kupimia mambo hayo, ndicho kiitwacho pH. Maji safi, yakiwa na joto la digrii 25, yana pH 7. Namba zilizo chini ya 7 ni za upande wa ndimu. Zilizo juu ya 7 ni za upande wa majivu. Namba ikipungua kwa moja, uchachu umeongezeka mara kumi.

Shuleni wanafunzi hufundishwa njia nyepesi. Tindikali ya HCl ikiwa moli 0,01 katika lita, pH ni 2. Ikiwa 0,001, pH ni 3. Yatosha kuhesabu mahali baada ya alama ya desimali. Wale wavulana watatu walihesabu mahali nane, wakaandika 8. Njia waliyoifuata waliijua vema. Walisahau kuuliza kama inafaa mahali pale.

4. Kwa mwalimu

Siku zote za mtihani zilipokwisha, watano hao walikwenda kumsalimu mwalimu wao wa kemia. Wale watatu walitumaini kwamba atawasifu. Mwalimu hakuuliza, «Nani amepata jibu gani?» Aliuliza, «Kwa nini?»

Kisha akamwambia mmoja wao: «Mwanangu, ukikamua ndimu katika ndoo ya maji, ukaongeza maji, ukaongeza tena, je, ndimu itageuka kuwa maji ya majivu?»

Kijana akajibu: «Hapana, mwalimu. Uchachu utapungua, lakini hautageuka majivu.»

«Basi, 8 iko upande gani?»

Kijana akanyamaza. Namba 8 iko upande wa majivu. Jibu lake lilisema kwamba ndimu imegeuka majivu kwa kuongezewa maji tu.

Mwalimu akawaeleza. Hata maji safi yana chembe zake kidogo za uchachu. Tindikali ikiwa nyingi, chembe hizo za maji hazihesabiwi, kama vile mtu asivyohesabu matone ya umande mvua inaponyesha. Lakini katika swali hili tindikali ni kidogo kuliko chembe za maji yenyewe. Tuseme chembe za tindikali ni sehemu 1. Chembe za maji safi ni sehemu 10. Mwenye kuzisahau sehemu 10 na kuhesabu 1 peke yake, amesahau karibu yote.

Kijana wa nne akafurahi: «Ndivyo nilivyofanya! 10 na 1 ni 11, nikapata 6,96.»

Mwalimu akasema: «Umeona vema, ila umesimama kabla ya mwisho. Tindikali ikiingia, maji nayo hupunguza chembe zake. Za maji hazibaki 10, hubaki karibu 9 na nusu. Ongeza 1, utapata 10 na nusu. Kwa hesabu hiyo pH ni 6,98.»

Wote wakamtazama msichana.

5. Hasara iliyokwisha kupatikana

Hata hivyo msichana hakufurahi. Jioni ile ya mtihani wa kemia hakula. Usiku hakulala, alirudia hesabu yake mara nyingi kichwani, na kila mara alisikia kicheko cha wenzake. Kesho yake aliingia katika mtihani uliofuata na moyo mzito. Alipofika penye swali alilolijua vema, alijiambia: «Jana pia nilidhani ninajua.» Akalifuta jibu la kweli, akaweka la uongo. Akafanya hivyo mara ya pili, na mara ya tatu.

Hivyo jibu lake la kemia lilikuwa sahihi, na wenye kukosa ndio walioondoka wakiimba. Naye aliyepata akapoteza kesho yake kwa sababu ya maneno ya jana.

6. Mafundisho ya habari hii

Kwanza: wingi wa watu si uthibitisho. Watatu waliofuata njia moja yenye kosa watafika mahali pamoja, tena watafurahi kukutana huko. Kukubaliana kwao kunaonyesha tu kwamba walipita njia moja.

Pili: kulinganisha majibu si vibaya. Wanafunzi wengi hujifunza kwa njia hiyo jambo wasilolisahau tena. Lakini walinganishe sababu. Mwenye kusema «Mimi nimepata 8» hajasema kitu bado. Na aseme pia amefikaje huko. Wale watatu kama wangemwuliza msichana, «Dada, umepataje?», wangejifunza siku ile ile, naye angelala usingizi.

Tatu: kila jambo lina saa yake. Karatasi ikiisha kutolewa, hairudi mkononi. Ni kama mbegu iliyokwisha kufukiwa. Mkulima hafukui mbegu kila jioni ili aone kama imeota. Huenda akalima sehemu iliyobaki. Siku za mtihani zikiwa hazijakwisha, mwanafunzi afunge daftari la leo, ale, alale, aitazame kesho.

Nne, kwa wazazi na walezi: mtoto anaporudi, msimwulize mlangoni, «Umeshinda?» Hajui, nanyi hamjui. Shangazi wa msichana huyo alimwona ameacha chakula, akadhani ni uchovu, asimwulize neno. Laiti angemketisha karibu na moto na kumwambia: «Mwanangu, ya leo yamekwisha. Kula, ukalale.» Maneno hayo hayahitaji kujua kemia.

Maswali

1. Kwa nini wanafunzi waligombana bure juu ya herufi?

2. Jibu 8 lina kosa gani? Elezeni kwa mfano wa ndimu.

3. Kijana aliyepata 6,96 alifanya nini vema, na alikosa nini?

4. Msichana alipata hasara kwa nini, ingawa jibu lake lilikuwa la kweli?

5. Kama mtoto wa nyumba yenu angerudi kutoka mtihani mgumu jioni hii, na kesho una mwingine, mngemwambia neno gani?