KODI NDOGO DUBAI: HESABU SIKU ZAKO KABLA HUJALIPIA KIBALI

Wadau, swali linalonifikia sana inbox ni hili: "Nikichukua kibali cha ukaazi Dubai, huku Bongo sidaiwi tena kodi?" Wanaouza hivyo vibali watakwambia ndiyo. Mimi nauza pochi na viatu mtandaoni, mzigo nafuata Deira, shule niliishia kidato cha nne. Ila hili nimelikalia chini nikalisoma, maana hela ya kibali ndiyo hiyo hiyo hela ya mzigo. Twende taratibu.

1. KIBALI SIYO UKAAZI WA KIKODI
Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya 2004 haikuulizi una viza ya wapi. Wewe ni mkaazi kama lolote kati ya haya linakugusa:
- Una makazi ya kudumu Tanzania na umekanyaga nchini mwaka huo, hata kwa siku chache.
- Umekaa nchini siku 183 au zaidi ndani ya mwaka.
- Umekuwepo mwaka huo, na wastani wa siku zako kwa mwaka huo na miwili ya nyuma umezidi 122.

Hilo la tatu ndilo linalowanasa wasafiri. Mfano: 2023 ulikaa siku 120, 2024 siku 130, 2025 siku 125. Hakuna mwaka uliofika 183. Lakini jumla ni 375, gawa kwa 3 unapata 125. Tayari ni mkaazi, na mkaazi anatozwa kwa kipato chake cha popote duniani.

2. DUKA LIKIBAKI DAR, KODI INABAKI DAR
Hata asiye mkaazi anatozwa kwa kipato kinachotoka Tanzania. Kama mzigo upo Kariakoo, boda anapeleka Mbezi na mteja analipa kwa simu, umehama wewe, biashara haijahama. Ushuru wa bandarini nao uko pale pale.

3. DUBAI SIYO BURE
Mshahara wa mtu haukatwi kodi ya mapato, kweli. Lakini VAT ya 5% ipo tangu 2018, na tangu Juni 2023 ipo kodi ya 9% kwa faida ya kampuni inayozidi dirham 375,000. Mtu binafsi anayefanya biashara anaingia humo mauzo yakipita dirham 1,000,000 kwa mwaka. Chini ya hapo umepona, ila leseni, viza na pango unalipa tu.

Na ukitaka kutambulika mkaazi wa kikodi kule, ukae siku 183, au siku 90 kama una kibali pamoja na makazi ya kudumu, kazi au biashara kule. Halafu unaomba cheti cha kuthibitisha. Kingine, vibali vingi vya kawaida vinakufa ukikaa nje zaidi ya miezi 6 mfululizo.

NANI INAMFAA?
Anayenunua na kuuza nje ya Tanzania, na kweli amehamisha maisha yake. Wewe ambaye wateja wako wote wako Bongo, chukua makadirio yako ya TRA, weka pembeni ya gharama za Dubai za mwaka mzima, uone ipi kubwa.

Kazi ya leo: fungua pasipoti, hesabu mihuri ya miaka mitatu, gawa kwa tatu. Jibu likizidi 122, usimlipe mtu hata mia.