SOMO LA UJENZI: WAVU WA CHUMA CHINI YA BORITI

Dari za Mji Mkongwe, Unguja, ni boriti za mikoko zilizobeba mawe na chokaa. Chokaa ya chini ikibanduka, mafundi hushauri wavu wa chuma ili lipu mpya ishike. Ushauri ni mwema, ila kazi huanza juu, penye paa linalovuja. Boriti mbichi ikifunikwa huoza kwa siri, na wakaaji huarifiwa na kishindo.

Baada ya kupata kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, kila boriti idungwe kwa msumari, na iliyolainika ibadilishwe. Kwa kuwa boriti hazikunyooka, papi zitangulie kupigiliwa, zikiachana futi 1. Wavu uzikatishe papi, vipande vipandane inchi 1 walau, na pembeni ukunjwe ushuke ukutani, la sivyo ufa hutokea hapo. Wavu na misumari vipakwe zinki, kwani hewa ya chumvi hula chuma kitupu.

Lipu ya kwanza, ya chokaa na mchanga, isukumwe mpaka ipenye matundu na kujipinda nyuma yake, kisha ikwaruzwe ingali mbichi. Saruji nyingi hufungia unyevu.

Chama kinachogharimia matengenezo kikague boriti kabla ya wavu kupigiliwa, ndipo malipo ya kwanza yatolewe.